Shemeji Ameshasema Lake, Sasa Nisikilizeni Mimi

Najua mmeshasikia. Shemeji kaimwaga habari kwenye kundi la familia kabla hata hatujapanda treni ya kurudi, na kwa maelezo yake eti nililia mbele ya Wazungu. Sikulia. Nina mafua.

Haya. Ile krauni yangu ya 1935, sarafu ya Uingereza, mnaijua, nimewasumbua nayo tangu Ramadhani: jubilei ya miaka 25 ya Mfalme George wa Tano, Mtakatifu George juu ya farasi aliyekakamaa mpaka Waingereza wenyewe wakamwita farasi wa kubembea. Za kawaida zilipigwa zaidi ya laki saba, madini ya fedha nusu tu, na maandishi ya ukingoni yamezama. Adimu ni zile 2,500 za fedha ya 925 (yaani asilimia 92.5), maandishi yamechomoza. Nikapitisha kidole kwenye yangu: inakwaruza! Shemeji naye akapitisha: inakwaruza! Pilau ya usiku ule nimeilipia kwa mkopo.

Tukaenda London, kwenye maonyesho ya sarafu. Mimi na suti ya harusi. Shemeji kavaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, eti mlinzi. (Msiniulize.)

Mzee wa mezani akanyoosha mkono. Nikatoa soksi ya kitinda mimba wangu, ile yenye bata, maana ndiyo kasha. Nikaitikisa. Kimya. Nikaitikisa tena, zikatoka chenga za biskuti, halafu ndiyo krauni. Mzee akaishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa kinyonga. Akaisogeza kwenye kioo cha kukuzia. Akaizungusha. Akaacha kuizungusha. Akainusa.

Wakuu, mmewahi kumwona mtaalamu akinusa mali yenu?

Akachukua kijiti cha meno, akachokonoa herufi D ya pale ukingoni. Kikadondoka kipande cheupe juu ya kitambaa cheusi. Akachokonoa E. Cheupe kingine. C. Nyuma yangu watu wameacha kuzungumza. U. Mie nimeganda na tabasamu langu, nimesahau pa kulipeleka. Alipomaliza S akapuliza, akanigeuzia ukingo: herufi zote zimezama, shimo kwa shimo.

"Rafiki yangu," akasema taratibu, "hii ni dawa ya meno."

Shemeji akavua miwani. "Aah! Basi ni mama. Alipokuja kututembelea alisema ina kutu, akaisugua."

Mama yake. Mama mkwe wangu. Kwa hiyo hata kukasirika hairuhusiwi.

Mzee akasema iliyosuguliwa namna ile haina mnunuzi, atanipa thamani ya fedha iliyomo tu. Nikakataa, nikairudisha kwenye soksi, tukaondoka. Treni ilichelewa. Shemeji akala chipsi zangu.

Jioni simu ikaita. Nikatoa shikamoo. "Marahaba mwanangu. Ile pesa ya kizungu imeuzika?" Nikamwambia bado, mama, ila wameisifu sana inavyong'aa.

"Si nilikwambia! Na zile nyingine mmeziweka wapi?"