Mteja ni wa nani?

Huu ni mwaka wa nane naishi Ujerumani, na kila nikipiga simu nyumbani Tanzania siachi kusikia lalamiko hili: tumebaki nyuma kwa sababu hatuna soko moja kubwa la mtandaoni ambalo watu wote wananunua humo. Jumia, soko la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wapo wanaoisikitikia hadi leo. Mimi ninayenunua kwenye masoko ya aina hiyo karibu kila wiki, naomba tusiyaonee wivu haraka.

Mnunuzi huku anadekezwa kweli. Unaagiza leo, kesho mzigo uko mlangoni, usipokupendeza unaurudisha. Kilichonibadilisha mawazo ni jioni niliyokaa na rafiki yangu anayeuza taa za mezani kwenye soko moja kubwa. Alinifungulia akaunti yake ya muuzaji. Juu kabisa, mauzo ya kutia moyo. Kisha akashuka mstari kwa mstari: kamisheni, ada ya kuhifadhi mzigo ghalani, ada ya kufungasha na kusafirisha, halafu matangazo. Hayo matangazo yaliniuma. Mteja ameandika jina la chapa yake yeye, lakini bado inabidi alipie ili taa ya mshindani isitangulie juu ya yake.

Nikamuuliza kama anaweza kuwaandikia wanunuzi wake wa zamani akipata taa mpya. Akatikisa kichwa. Hana namba zao wala barua pepe zao. Miaka yote hiyo amekuwa akimtafutia mwingine wateja.

Na huyo mwingine, yaani mwenye soko, mara nyingi naye ni muuzaji, anayeona kila kinachotoka na kinacholala. Tume ya Ulaya iliichunguza Amazon kwa sababu hiyo, na Desemba 2022 kampuni hiyo ikajifunga kutotumia takwimu za siri za wauzaji kushindana nao.

Suala la bei ni zito zaidi, kwa sababu linamfikia hata asiyewahi kununua humo. Tuseme soko dogo linatoza ada ndogo. Muuzaji angeweza kupunguza bei huko, wateja wakahamia, na soko kubwa likalazimika kushusha ada zake. Lakini akiogopa kwamba akipunguza bei kwingine bidhaa yake itafichwa kwenye soko kubwa, atapandisha bei kote zilingane. Soko dogo linakosa kitu pekee ambacho lingevutia nacho watu. Mwaka 2013 Amazon iliacha sharti la kuwakataza wauzaji kuuza kwa bei ya chini kwingine baada ya mamlaka ya ushindani ya Ujerumani kuliingilia. Marekani, Septemba 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho pamoja na majimbo 17 waliishtaki wakidai bado inawaadhibu wanaouza kwa bei nafuu kwingine. Kampuni inakanusha.

Sasa tazama nyumbani. Muuzaji anaweka picha Instagram, mteja anamfuata WhatsApp, wanapatana, pesa inatumwa kwa simu, mzigo unaondoka. Utapeli upo, tena mwingi, na kurudisha bidhaa ni ugomvi. Na Instagram na WhatsApp zote ni za kampuni moja ya mbali, inayoweza kukufungia ukurasa. Hata hivyo namba ya mteja iko kwenye simu ya muuzaji. Mzigo mpya ukifika anampigia mwenyewe, bila kumlipa mtu ruhusa ya kusema naye. Rafiki yangu wa taa angetoa fedha nyingi kupata hicho tu.

Soko kubwa litakuja Tanzania siku moja, na sioni sababu ya kulizuia. Tume ya Ushindani tunayo, na sheria yake ni ya 2003. Ninachotaka ni masharti yaandikwe kabla wauzaji hawajabanwa kiasi cha kushindwa kutoka. Muuzaji awe huru kushusha bei popote. Mnunuzi akikubali, mawasiliano yake yamfikie aliyemuuzia. Na anayefungiwa akaunti apewe sababu kwa maandishi, na muda wa kujiandaa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2020, soko linalotaka kuachana kabisa na muuzaji linatakiwa kwa kawaida kumpa taarifa yenye sababu siku 30 kabla. Sisi tunaweza kuanza na hilo.