Kocha akilipwa mamilioni ili aondoke, muulizeni aliyesaini

Mwaka 2011 nilikuwa nakimbia mbio za nyika kwenye chuo kimoja kidogo katikati ya Marekani, jina la chuo naliacha, na kuna siku tuliamshwa saa tisa usiku tukajazana kwenye lile gari la abiria 15, ukubwa kama Hiace zetu za daladala, kocha akashika usukani mwenyewe, masaa saba barabarani mpaka kwenye mashindano. Tumeshuka miguu imeganda, tumepasha misuli moto nusu saa hivi, bastola ikalia. Nilimaliza wa 61. Watu walioniacha siku ile wengi wao nilikuwa nimewaacha mimi wiki mbili nyuma.

Kwanini hatukulala hoteli jana yake? Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeenda idara ya michezo kusaini karatasi za skolashipu, mlango wa mkurugenzi haujafungwa vizuri, kocha wetu anaomba vyumba vinne tu, vya bei ya chini, usiku mmoja. Mkurugenzi anamwambia bajeti imeisha. Kocha akamuuliza, na zile sofa? Maana wiki ile ofisi ya kocha wa futiboli ya Kimarekani ilikuwa inawekewa sofa mpya za ngozi na tivii kubwa ukutani, sote tulikuwa tunapishana na mafundi kwenye korido. Pakawa kimya kidogo. Afu mkurugenzi akajibu kwamba hela ya sofa imetolewa na mfadhili kwa ajili ya futiboli, haigusiki.

Kocha akatoka, akanikuta nimesimama pale, akasema twende mazoezini. Hakuongea lingine.

Hilo neno haigusiki limekaa na mimi miaka yote hii, na kila nikisoma habari za makocha na wakubwa wa vyuo kugombania hela linanirudia. Oktoba 2025 lilinirudia kwa nguvu kabisa. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walimtimua kocha wao wa futiboli Brian Kelly siku moja baada ya kufungwa nyumbani na Texas A&M 49-25, na mkataba wake ulikuwa unasema akifukuzwa kabla ya muda alipwe karibu dola milioni 54. Wakaanza kuvutana, mpaka Kelly akaenda mahakamani kudai haki yake ya mkataba, mwisho wa mwezi wa kumi na moja chuo kikakubali kwamba amefukuzwa bila kosa la kumnyima hela zake. Mitandaoni watu wakamrukia Kelly, tamaa, mzee ana hela zote hizo bado anataka nyingine, na mimi nikawa nauliza swali moja tu, huo mkataba kauandika nani? Kelly alijiandikia peke yake chumbani kwake?

Sikilizeni huu mfululizo maana ndio kiini cha ninachotaka kusema. Mwisho wa 2017 Texas A&M walimchukua kocha wa futiboli Jimbo Fisher, miaka 10, dola milioni 75. Mkurugenzi wa michezo aliyemleta anaitwa Scott Woodward. 2019 Woodward akahamia LSU. Akaja mkurugenzi mwingine, Ross Bjork, na 2021 A&M wakaogopa Fisher asije akachukuliwa na LSU alikokwenda bosi wake wa zamani, wakamuongezea mkataba mpaka 2031, zaidi ya dola milioni 90, zote zimehakikishwa. Novemba 2023 wakamfukuza. Deni lililobaki, kama milioni 76, na mkataba haukuwa na kipengele cha kupunguza hata senti kama Fisher akipata kazi sehemu nyingine. Milioni sabini na sita za kumlipa mtu asifanye kazi. Miezi miwili baadaye Bjork akatangazwa mkurugenzi wa michezo wa chuo cha Ohio State, moja ya kazi kubwa kuliko zote kwenye fani hiyo. Woodward naye huko LSU ndiye aliyempa Kelly mkataba wa miaka 10 wa milioni 95 mwaka 2021. Safari hii kidogo ilimgusa, gavana wa Louisiana alisimama hadharani akasema huyu hatachagua kocha mwingine, na siku nne baada ya Kelly kufukuzwa Woodward naye akaondoka. Wiki chache mbele chuo hichohicho kikamsaini kocha mpya, Lane Kiffin, miaka 7, karibu milioni 13 kwa mwaka.

Sisi tuliokulia na Simba na Yanga kocha kufungashiwa virago sio habari mpya, tumezoea. Ila hapa tunaongelea taasisi za elimu, vyuo vingi ni vya serikali za majimbo, na mkataba unasainiwa na mtu ambaye hela sio yake, akikosea anayelipa sio yeye. Kocha anayeomba milioni 9 akapewa hana kosa kwangu. Mimi ukiniuliza unataka mshahara gani nitataja kikubwa na wewe ungetaja kikubwa. Kazi ya kusema hapana ni ya mwenye kalamu, na wenye kalamu hawa wanajua sana kusema hapana, mbona sisi tuliambiwa hapana kwa vyumba vinne.

Na hapana yao ina historia, tena mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 90 vyuo vikuu vya Marekani kupitia chama chao cha michezo, NCAA, walikaa wakaamua wanatumia hela nyingi sana lazima wapunguze. Wakaangalia huku na kule wakaona pa kupunguza ni kocha msaidizi wa chini kabisa. Wakatunga kanuni, ikaanza kutumika 1992, kwamba kwenye kila mchezo ukiacha futiboli kutakuwa na kocha mmoja wa kipato cha kikomo, mshahara wake usizidi dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na dola 4,000 za kiangazi. Jumla 16,000, uwe na uzoefu wa miaka 2 au 20. Riadha, besiboli, kikapu, wote. Wakati huohuo mishahara ya makocha wakuu hakuna aliyeigusa.

Kuna mtu anaitwa Pete Gaudet, alikuwa kocha msaidizi wa kikapu chuo cha Duke, chini ya kocha mkuu Mike Krzyzewski. Januari 1995 Krzyzewski akaumwa mgongo akashindwa kumalizia msimu, timu akaachiwa Gaudet. Yaani mojawapo ya timu kubwa za kikapu za vyuo nchi nzima, mechi kwenye televisheni, ukumbi umejaa, na anayesimama pale pembeni kuongoza analipwa dola 16,000 kwa mwaka. Wakafungwa mechi nyingi, na zikaandikwa kwenye rekodi yake yeye.

Makocha hawakukaa kimya, walishitaki. Kesi inaitwa Law dhidi ya NCAA, ilisikilizwa Kansas, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka hata na bibi yangu: nyinyi vyuo mnashindana kuajiri watu, hamruhusiwi na sheria kukaa pamoja mkapanga bei ya mtu. Wakashinda, rufaa 1998 wakashinda tena, mwaka huohuo baraza la mahakama likatamka fidia ambayo ikizidishwa mara tatu kama sheria inavyotaka ilikuwa inafika dola milioni 67, na 1999 wakamalizana kwa milioni 54.5. Nikilinganisha namba hizi mbili nakosa raha. Milioni 54.5 waligawana makocha wasaidizi wa nchi nzima walioibiwa jasho miaka kadhaa, na karibu milioni 54 ni za kocha mmoja aliyefukuzwa kwa sababu ya mechi za futiboli.

Wanawake ndio kabisa. 1993 Marianne Stanley, kocha wa kikapu wanawake wa chuo cha USC kule Los Angeles, mkataba wake unaisha, akaomba alipwe sawa na George Raveling wa wanaume. Mkurugenzi Mike Garrett akampa ofa ya kupanda mwaka hadi mwaka, dola 80,000, 90,000 halafu 100,000, Stanley akasema hapana nataka usawa. Akaishia bila kazi, na mahakamani akashindwa, majaji wakasema kazi ya Raveling ilikuwa na majukumu zaidi ya kutafuta mapato. Sasa hivi Dawn Staley wa South Carolina analipwa kama milioni 4 kwa mwaka, na mimi nafurahi sana, ila kumbukeni kuna aliyepoteza kazi yake akiliomba hilo mapema.

Tuwe wakweli pia, mkurugenzi wa michezo hakai kwenye kiti cha starehe. Juu yake kuna rais wa chuo, kuna bodi, kuna wanasiasa wa jimbo, pembeni kuna wafadhili ambao wengine wanataka kumchagua kocha wao, na idara nyingi za michezo hazijitoshelezi, zinaishi kwa ruzuku ya chuo na ada wanayokatwa wanafunzi hata wasiojua uwanja ulipo. Futiboli ndio inaleta hela kubwa, bila hiyo vyuo vikubwa visingekuwa hata na timu ya kuogelea. Naelewa. Kinachonishinda kuelewa ni kwanini kubana matumizi kila siku kunaanzia kwa yule anayeendesha gari saa tisa usiku.

Nije kwetu sasa, maana Waafrika Mashariki hatuko mbali na hii habari. Suleiman Nyambui aliyetuletea medali ya fedha ya Olimpiki Moscow 1980 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha UTEP, El Paso, Texas, na Gidamis Shahanga naye alipita hapohapo. Henry Rono wa Kenya alikuwa chuo cha Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Edward Cheserek alikusanya mataji 17 ya NCAA akiwa chuo cha Oregon. Hizi njia zote zilifunguliwa na kocha wa riadha mwenye bajeti ndogo anayepiga simu Iten, Arusha, Mbulu. Kwa miaka mingi riadha na nyika za wanaume zikichanganywa pamoja ziliruhusiwa skolashipu 12.6, ndio, nukta sita, wakati futiboli kwenye vyuo vikubwa walikuwa na 85 kamili. Kwahiyo kocha anakata vipande, huyu asilimia 40, yule 70. Mimi nilikuwa na 60 na iliyobaki aliihangaikia mwenyewe ofisi kwa ofisi mpaka nikapata msaada mwingine wa chuo.

Juni 2025 mambo yakabadilika. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House, waliyoifungua wanamichezo dhidi ya NCAA, na sasa chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza wa 2025-26. Mimi naunga mkono wanamichezo kulipwa, walitumikishwa muda mrefu. Ila hiyo milioni 20 inatoka wapi? Vyuo vingi vinagawa karibu asilimia 75 kwa futiboli, kikapu cha wanaume kinafuata, michezo mingine yote inagombania makombo. Ukomo wa skolashipu umefutwa, badala yake kumewekwa ukomo wa idadi ya watu kwenye timu, nyika 17, riadha 45. Kwenye karatasi kocha anaweza kuwapa wote 17 skolashipu kamili. Akienda kwa mkurugenzi kuomba hela yake atajibiwa nini mnajua. Cal Poly kule California wamefuta kabisa timu zao za kuogelea mwaka huohuo wa 2025. Afu vijana wetu wengi wanaingia na viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana kufanya kazi, kwahiyo hata hizo hela za kulipwa wanazisikia tu kwa wenzao.

Kocha wangu aliondoka nikiwa mwaka wa tatu. Kiangazi alikuwa anapaka rangi nyumba za watu ili mwezi ufike, akaja kupata kazi ya kufundisha sekondari, mshahara ukiwa mzuri kuliko wa chuo, akaenda. Hatukupata kocha mpya mpaka miezi mitano ikapita, tulikuwa tunajifundisha wenyewe.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa nyumbani Mbulu kanitumia meseji, kaka shikamoo, nimepata ofa ya chuo Marekani, nisaidie kuangalia karatasi. Nikaziangalia, asilimia ziko vizuri, nikamwambia kabla hujasaini mpigie kocha umuulize mambo mawili, mkiwa na mashindano mbali mnalala wapi, na wewe kocha mkataba wako unaisha lini. Akaogopa, akaona ni kumkosea adabu mtu mzima. Nikamwambia uliza kwa heshima, ila uliza. Akapiga. La kwanza kocha alilijibu harakaharaka. La pili alinyamaza kidogo, kisha akamwambia ukweli, mkataba wake ni wa mwaka mmoja, unaisha mwezi wa sita.

Kijana amesaini hivyohivyo, anaondoka mwezi wa nane.