Upendo wa Paulo si wa arusi tu

Mwandishi, nakushukuru kwa makala, ila kuiita humo 1 Wakorintho 13, ile sura ya Biblia kuhusu upendo, "sura ya maharusi" kunaipunguza mno. Paulo hakuwa anafungisha ndoa. Aliliandikia kanisa lililogawanyika: huyu anasema ni wa Paulo, yule ni wa Apolo, mhubiri mwingine, na waumini wanashitakiana mahakamani. Sura mbili nyuma (11:21) anawakemea kwa sababu kwenye meza ya Bwana wengine wanakula na kulewa, maskini wanabaki na njaa. Hao ndio walioambiwa upendo "huvumilia, hufadhili", tena hautafuti mambo yake. Ni maneno makali kuliko tunavyoyasikia yakisomwa mbele ya keki na maua!

Jumuiya moja ninayoijua, orodha ya michango husomwa kwa sauti, jina kwa jina, na asiyetoa anatajwa "bado". Kuna mama mjane, muuza mchicha, alitajwa hivyo mara kadhaa, kisha akaacha kuja. Hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Inaniuma sana, maana kwaya yetu inauimba upendo kila Jumapili.

Naomba viongozi wetu waisome sura hiyo siku ya kusoma michango pia.