Daraja sawa, lakini mtembea kwa miguu atapita wapi?

Nimesoma habari kuhusu mpango wa kufunga kivuko cha reli, pale barabara inapokatiza reli, na kujenga daraja la barabara juu yake, nami naunga mkono. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa kwenye mwendo wake, huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama hata dereva akifunga breki zote. Kizuizi cha mkono hakimsaidii mtu aliyezimikiwa na gari katikati ya reli.

Kinachonikera ni kwamba habari hiyo nzima inazungumzia magari tu. Hebu tupige hesabu. Daraja likiinuliwa mita 8 ili treni ipite chini pamoja na nyaya za umeme, na mwinuko ukawa asilimia 5, yaani kupanda mita 5 kwa kila mita 100, basi kila upande unahitaji mita 160 za kupandia. Gari halihisi kitu. Lakini bibi mwenye mzigo kichwani, aliyezoea kuvuka kwa hatua chache, sasa atembee zaidi ya mita 300 huku malori yakimpita ubavuni? Hatafanya hivyo. Atapenya kwenye tundu la uzio na kukatiza reli palepale, tena sasa bila kengele wala taa ya kumwonya.

Kwa hiyo njia ya kupita chini ya reli kwa waenda kwa miguu na baiskeli iwekwe kwenye michoro sasa hivi, pana, yenye taa na mifereji ya maji, maana ikijaa maji mvua ya kwanza hakuna atakayeitumia. Na ngazi peke yake hazitoshi. Anayetumia kiti cha magurudumu naye anavuka hapo kila siku.