Chupa iwe na mwenyewe

Ni nadra kukuta chupa ya soda ya kioo imetupwa barabarani Dar es Salaam. Ukitaka kuondoka nayo, Mangi mwenye duka anakuuliza kama umekuja na chupa. Kama huna, unaacha hela yake au unanywea pale pale. Chupa inarudi kwenye kreti, kreti linarudi kiwandani, inaoshwa na kujazwa tena. Ina mwenyewe.

Chupa ya maji ya plastiki haina. Mvua ikinyesha inasombwa na mifereji hadi Mto Msimbazi, kisha baharini.

Naunga mkono kwa moyo wote katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019. Lakini mfuko una mbadala, kikapu kipo. Maji na sabuni lazima vifungashwe, kwa hiyo hapo sheria inapaswa kumfuata mzalishaji tangu anapochagua kifungashio. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Kenya walitunga sheria ya taka mwaka 2022 inayombebesha mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Huku kwetu, kila mwezi mwenye nyumba anatoa ada ya taka ili gari lipeleke mzigo dampo la Pugu Kinyamwezi.

Mtazame kijana anayeokota makopo alfajiri, kiroba mgongoni. Chupa nyeupe anaichukua, maana kwenye mzani inalipa. Pakiti ndogo ya sabuni ya unga anairuka. Vifungashio vingi vya namna hiyo ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu, hivyo hakuna anayezinunua. Hilo halikuamuliwa jalalani, liliamuliwa kiwandani, na kijana yule hawezi kulirekebisha hata aokote mchana kutwa.

Nataka chupa ya plastiki iwekewe amana kama ya kioo, na kiwanda kilipie ukusanyaji wa kile kisichorejelezeka.

Najua jibu la wafanyabiashara: pakiti ndogo zinamsaidia mwenye kipato kidogo. Ni kweli anahitaji kununua kidogo kidogo. Ila mafuta ya kula ananunua ya kupima, kwa chupa yake mwenyewe aliyotoka nayo nyumbani, na sabuni ya maji pia inapimwa. Viwanda vipeleke madumu kwa Mangi.