Wakereze kwa mkono kwanza, CNC baadaye

Habari inasema chuo kitawaanzisha wanafunzi wa ukerezaji vyuma moja kwa moja kwenye mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta. Naomba wafikirie upya. Anayeanza ajue kwanza kukokotoa mizunguko ya mashine kwa dakika: 1000 mara mwendo wa kukata, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma laini cha milimita 25, kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia), mita 25 kwa dakika, unapata mizunguko kama 318. Chagua gia ya karibu iliyo chini yake. Kisu kikikaa chini ya kitovu cha kipande kinachozunguka, ukisawazisha uso wa mbele kinabaki kichuchu katikati. Kikikaa juu kinasugua badala ya kukata. Kikichomoza mno kinatetemeka, na kazi inatoka na mawimbi.

Kosa kubwa zaidi ni kupima kipande kingali cha moto. Shafti ya milimita 50 iliyozidi joto kwa nyuzi 40 imetanuka takriban milimita 0.02. Ikipoa inasinyaa, na beringi inacheza. CNC haimkingi mtu na hilo hata kidogo.

Na ufunguo wa kukazia taya zinazoshika kipande utolewe kabla ya kuwasha mashine, kila mara. Ukisahauliwa hurushwa kama jiwe.