Ndege Aliigonga Ndege

Leo asubuhi, kabla sijapiga hata mswaki, simu ikalia kengele ya barua pepe. Ni lile shirika la ndege. Moyo ukaruka: fidia! Nikavaa miwani, nikakaa wima kitandani kama mtu anayesubiri kusomewa wosia, nikafungua. "Ndugu abiria, shauri lako limefungwa. Tafadhali tupe nyota kwa namna tulivyokuhudumia."

Nyota! Miezi minne nadai mimi, leo wa kutoa ni mimi tena.

Mambo ya kuunganisha ndege mnayajua wenyewe. Tiketi inakupa dakika 55, ndege ya kwanza inachelewa saa nzima na robo, unakimbia begi begani na mkanda wa suruali mkononi maana ukaguzi haukukupa nafasi ya kuuvaa. Unafika getini, ndege yako unaiona kupitia kioo, imekaa palepale na wenzako wote tumboni. Dada wa getini anakwambia imeshaondoka.

"Imeondoka vipi na mimi naiona?"

"Kwenye mfumo imeondoka."

Macho yangu yakabishana na mfumo, na macho yakashindwa.

Hayo nimesamehe. Nimesamehe na vocha ya chakula ambayo mkahawa pekee uliokuwa wazi haukuitambua. Nimesamehe sanduku langu lililokuja siku mbili baadaye, limebandikwa stika nyingi kuliko mihuri ya pasipoti yangu. Hata kijana wa dawati la waliokwama nimemsamehe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema abiria aliyekwama apewe bure simu mbili, au teleksi, au faksi, au barua pepe. Mimi nikaomba teleksi, ule mtambo wa kale wa kutuma maandishi. Haki ni haki. Kijana akanitazama kama nimeomba tarumbeta.

Nisichosamehe ni hela yangu. Kanuni hiyo nimeisoma yote, tena na kalamu nyekundu. Safari yangu ilianzia Ulaya, tiketi ilikuwa moja, umbali ulipita kilomita 3,500. Hapo fidia ni euro 600, ila ukichelewa kufika kwa zaidi ya saa tatu bila kufikisha nne, wanaruhusiwa kukukata nusu. Sawa, nikateni. Euro 300 si haba. Na wasiniletee habari kwamba ndege ya kwanza ilichelewa kidogo tu. Mwaka 2013 mahakama ya Luxembourg, ile kuu ya Umoja wa Ulaya, iliamua kesi ya abiria aliyetoka Bremen, akapitia Paris na São Paulo, akaenda Asunción. Alianza safari kwa kuchelewa saa mbili na nusu, akafika mwisho amechelewa saa kumi na moja, na kilichohesabiwa ni kule alikofika mwisho.

Basi mwezi uliopita nikapiga simu. "Simu yako ni muhimu sana kwetu," sauti ikasema, kisha muziki. Baada ya dakika arobaini nilikuwa nimeshazoea, ikisema simu yako ni muhimu najibu ahsante, nashukuru. Mara akapokea binti mmoja, sauti laini, adabu tele.

"Baba, nimeyaona madai yako. Pole sana. Ndege yako ya kwanza ilicheleweshwa na mazingira yasiyo ya kawaida."

"Mazingira gani, binti yangu?"

"Ndege kugongana na ndege."

Nikaruka kwenye kiti. "Ndege mbili zimegongana? Watu wamepona?"

"Hapana, baba. Ndege ilikuwa moja. Na ndege."

"Hizo si mbili?"

"Ya kwanza ndiyo ndege yenyewe. Ya pili ni ndege tu."

"Ya pili au wa pili?"

Kimya. Nasikia vidole vinagonga kompyuta.

"Wa pili," akasema kwa sauti ya chini. "Wa manyoya."

Nikakohoa kidogo, nikavaa heshima yangu yote. Mtu akidai fidia lazima azungumze kama amezaliwa ndani ya joho. "Sasa binti, tuliandike vizuri, maana jambo hili laweza kufika mbali. Ndege aliigonga ndege, au ndege ilimgonga ndege?"

"Kuna tofauti, baba?"

"Kubwa! Kama aliigonga, mwenye kosa ni yeye. Kama ilimgonga, wenye kosa ni nyinyi, na fidia tunadai wawili, mimi na marehemu."

Akaomba nisubiri amuulize msimamizi. Muziki. Simu yako ni muhimu sana kwetu. Ahsante. Akarudi.

"Msimamizi anasema waligongana."

"Waligongana? Kwa hiyo wote wawili walikuwa na manyoya?"

"Basi ziligongana."

"Hapo zote zina injini. Mmeshanirudisha kwenye ajali ile ya mwanzo."

Muziki tena. Safari hii aliporudi nilijua wamekaa kikao, kwa maana alisema kwa ushindi kabisa: "Viligongana, baba. Ndivyo tutakavyoandika."

Viligongana! Ndege sasa ni viti. Miaka yote hii nimelipa nauli ya ndege kumbe napanda kwenye ngeli ya visu na vijiko.

Msidhani namcheka yule binti. Wanamkimbilia ndege wa manyoya kwa hesabu kamili. Ana hukumu yake, huyo. Mwaka 2017 mahakama ileile ya Luxembourg ilisema ndege wa manyoya kugongana na ndege ni jambo lisilo la kawaida, na shirika likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua inayofaa, halilipi. Na neno ni hilo: likithibitisha. Mimi nilikuwa ndani ya chombo. Rubani mwenyewe alitutangazia, tumeshafunga mikanda, kwamba tunamsubiri mhudumu mmoja amechelewa kufika kazini. Hakutaja unyoya hata mmoja.

"Binti," nikamuuliza, "huyo mhudumu tuliyemsubiri, alikuwa na mabawa?"

Akacheka. Kicheko cha kweli, kilichomponyoka. Nikasema eeh, sasa tunaelewana, hapa hela inatoka. Kumbe ndio kwanza alikuwa anageuza ukurasa.

"Hata hivyo, baba, mfumo unaonyesha mwisho wa safari ulifika umechelewa saa mbili na dakika 54. Fidia inaanzia saa tatu."

Hapo joho likanivuka. Sikilizeni niwaeleze, kisha mniambie kama mimi ni mkorofi. Nilitakiwa kufika saa mbili kamili usiku. Wakanipitisha uwanja mwingine, magurudumu yakagusa ardhi saa 4:54. Kweli. Lakini mlango ulifunguliwa saa 5:07! Dakika kumi na tatu tumekaa mle ndani tunasubiri ngazi. Ngazi! Chombo kimevuka bahari, kimeshindwa na ngazi. Na hili nalo lilishaamuliwa, mwaka 2014. Abiria alitoka Salzburg kwenda Köln/Bonn, magurudumu yakagusa akiwa amechelewa saa mbili na dakika 58, ndege ikafika kwenye maegesho saa tatu na dakika tatu, mlango ukafunguliwa baadaye kidogo. Mahakama ikasema kufika ni pale mlango, japo mmoja, unapofunguliwa na watu wanaruhusiwa kushuka. Kabla ya hapo mtu yumo kwenye boksi, hana uhuru wa mambo yake.

Na kweli sikuwa nao. Dakika zile mwanangu alikuwa ng'ambo ya ukuta, amelala kwenye viti vya wanaopokea wageni, bango lenye jina langu amejifunika kama shuka. Aliniandikia kwa kalamu za rangi nne. Sasa mtu wa mfumo aje aniambie saa 4:54 nilikuwa nimefika. Nimefika kwa nani?

Nikayasema yote hayo kwenye simu, kwa sauti ambayo jirani aliniulizia hali kesho yake. Binti akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, baba. Una ushahidi wa saa ya kufunguliwa mlango?"

Yaani wao wana rubani, wana kompyuta, wana mtu wa ngazi, halafu ushahidi wa mlango wao anatafutiwa mimi! Watu wanapiga picha mawingu, wanapiga picha bawa, wanapiga picha sinia la chakula. Nani anapiga picha mlango? Akanipa pole ya mwisho, akanipa na vocha ya kusafiria tena nao. Nikakataa. Kanuni inasema ni fedha taslimu, benki au hundi, na vocha mpaka niweke saini, na saini yangu siitoi kirahisi, kamuulizeni mwenye nyumba wangu. Tangu siku hiyo kimya, mpaka leo na nyota zao.

Ila ushahidi upo. Nimekaa hapa na barua pepe yao nikamkumbuka yule bwana wa kiti cha 23C. Mimi nilikuwa 23B, katikati, palipo na mikono ya kila mtu isipokuwa yako. Magurudumu yalipogusa tu, jamaa akasimama. Dari la mizigo halimruhusu, akakunja shingo kama alama ya kuuliza, begi kifuani, kiwiko chake sikioni kwangu. Akawa anatazama saa na kutangaza. Dakika saba. Dakika nane. Nikamsonya, Mungu anisamehe. Mlango ulipofunguliwa akasema kwa sauti safu nzima isikie: "Saa tano na dakika saba!"

Ndugu yangu wa 23C, popote ulipo, nakutafuta. Niliyoyasema moyoni kuhusu kiwiko chako nayafuta yote. Lakini na wewe, hivi ulikuwa unasimamia nini? Mlango uko mbele, wewe uko safu ya 23, ngazi haijaja, na masanduku yenyewe yangetukalisha nusu saa nyingine. Kuna watu wa namna hii hata kwenye basi, kituo bado hakijaonekana yeye yuko mlangoni ananing'inia, na ukimuuliza unakwenda wapi anakwambia mwisho wa gari.

Nina jina la shahidi moja tu, namba ya kiti. Ukisoma hapa, nitafute tuandike barua. Ila ukija, tafadhali, keti kwanza.